Kwa nini uso mweusi bado unaisumbua gemu

Jioni, foleni ya Barabara ya Nyerere inapoanza kukaza, vibanda vya gemu vya Kipawa, Dar es Salaam, navyo hujaa. Vijana wanalipia kwa mechi na kupokezana pedi. Kwenye televisheni nyasi zinaonekana zimelowa, jezi inakunjika begani kila mchezaji anapogeuka. Anayepita nje kwa haraka anaweza kudhani ligi inaoneshwa mubashara, mpaka kamera isogee karibu na mchezaji mweusi. Hapo, hasa kwenye matoleo ya zamani ambayo bado yanachezwa sana vibandani, ngozi hugeuka kijivu na nywele hukaa kichwani kama kofia.

Kasoro hiyo ina maelezo ya kisayansi, na sayansi hiyo hiyo imeshawagusa wagonjwa hospitalini. Ndiyo maana naijadili katika ukurasa wa afya.

Tuanze na kazi ya mashine. Televisheni yenye vinukta 1920 kwa 1080 ina vinukta zaidi ya milioni 2, na gemu laini hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Kompyuta inabaki na takriban milisekunde 17 za kuamua rangi ya kila kinukta kabla ya picha nyingine kuhitajika. Filamu za katuni hazina haraka hiyo, kwani picha moja inaweza kupewa saa nzima au zaidi. Mwaka 1980, Turner Whitted, mtafiti wa Bell Labs nchini Marekani, alichapisha njia ya kuufuata mwanga kinyumenyume: mwale unatoka kwenye jicho, unapita kwenye kinukta, unagonga kitu, kisha unatafuta taa au jua. Picha yake ya mipira ilichukua zaidi ya saa moja kukamilika. Mwaka 1986, James Kajiya akaandika mlinganyo mmoja unaojumlisha mwanga wote unaofika na kuondoka mahali popote. Hesabu ya mwanga ilikuwa tayari, kilichobaki kilikuwa kasi.

Kasi ilianza kupatikana mwaka 2018, Nvidia ilipoingiza sokoni kadi za michoro zenye saketi maalumu za kufuata miale. PlayStation 5 ya mwaka 2020 inafanya kazi hiyo, na tangu 2022 uwezo huo umeingia hata kwenye chipu za baadhi ya simu. Bado mashine huweza kufuata miale michache tu kwa kila kinukta, hivyo picha ghafi hutoka na chenga, kisha akili unde huzisafisha kwa kukisia kilichokosekana. Kwa njia hiyo bati, lami yenye madimbwi na vioo vya magari vimeshakaribia mno uhalisia.

Ngozi ni habari nyingine. Zima taa usiku, washa tochi ya simu na uifunike kwa ncha ya kidole. Kidole kitawaka wekundu. Mwanga umeingia ndani, umegongana na seli na nyuzi za protini, damu imemeza sehemu kubwa ya kijani na buluu, na wekundu umetokea upande wa pili. Nyuso za kompyuta zilianza kuonekana hai baada ya mwaka 2001, Henrik Wann Jensen na wenzake walipochapisha njia rahisi ya kukokotoa mwanga unaoingia mahali pamoja na kutokea pengine.

Melanini, rangi asilia ya ngozi, inabadilisha hesabu hiyo. Katika ngozi nyeusi vifuko vya melanini ni vikubwa zaidi na vimetawanyika kimoja kimoja ndani ya seli, na humeza mwanga mwingi kabla haujarudi nje. Kwa hiyo ule unaoakisiwa juu kabisa, kwenye mafuta na jasho, ndio unaochora paji, shavu na pua. Mpiga picha mzuri wa harusi hapa Dar es Salaam anaujua mng'ao huo na anaweka taa yake kwa kuufuata. Programu iliyopimwa kwa ngozi nyeupe, halafu ikaitia giza ngozi hiyo ili ipatikane nyeusi, huukosa. Matokeo yake ni ule ukijivu.

Theodore Kim, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, aliandika mwaka 2020 kwamba taaluma ya michoro ya kompyuta imejengwa kwa kuichukulia ngozi nyeupe na nywele zilizonyooka kuwa kipimo cha binadamu. Alikwenda mbali zaidi ya kulalamika. Mwaka 2024 yeye na wenzake, akiwemo A.M. Darke wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walichapisha hesabu za nywele za kipilipili, ikiwemo tabia ya unywele kujisokota upande mmoja kisha kugeukia mwingine. Darke pia ameanzisha maktaba huria ya mitindo ya nywele za Waafrika kwa ajili ya watengeneza gemu. Kwangu hiyo ni hatua kubwa kuliko kadi nyingine mpya.

Sasa hospitalini. Kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hupitisha mwanga mwekundu na ule wa infraredi, kisha husoma kiasi kilichomezwa na damu. Melanini inaweza kuuvuruga usomaji huo. Desemba 2020, katikati ya janga la Uviko-19, watafiti wa Michigan waliripoti katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kilionesha wako salama, upungufu wa oksijeni ulikuwa umejificha kwa zaidi ya mara tatu kwa weusi kuliko kwa weupe: asilimia 11.7 dhidi ya 3.6. Kosa linalouharibu uso wa mchezaji kwenye gemu, hapa linaweza kumchelewesha mtu kuwekewa oksijeni.

Gemu zenyewe nazo huzua swali la afya: wazazi wanaohofia macho ya watoto wao wajue kwamba uhalisia wa picha si sumu. Kinachochosha ni muda mrefu wa kukodoa bila kupepesa, na mtoto anahitaji kucheza nje mchana, kwani mwanga wa jua husaidia kuchelewesha tatizo la kutoona mbali. Mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga wa kumetameta ana sababu ya kweli ya kujihadhari.

Tukirudi kwenye ngozi, kazi ya kuzipima nyuso zetu inaweza kuanzia hapa hapa: Kipawa kina kituo cha TEHAMA cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Kadi kubwa ya michoro inayoweza kula wati 450 ni mzigo kwa mtu anayenunua umeme wa Luku, lakini kupima nyuso hakuhitaji mashine hiyo. Simu nzuri, mwanga uliopangwa na picha nyingi kutoka kila upande zinatosha kuanzia. Magofu ya Kilwa Kisiwani yameshapimwa kwa leza na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Watu hai wa pwani hii wanastahili bidii ileile, kwa ridhaa yao ya maandishi, na vipimo vya ngozi zao viwafikie watengeneza gemu pamoja na wahandisi wa vifaa tiba.