Waendao likizo nyumbani waangalie wanachokula

Shule za Uingereza zikifungwa mwezi wa Julai, ndugu zetu wengi hufunga masanduku kwenda Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Zawadi hazisahauliwi, lakini ni wachache wanaopita kwa daktari kwanza. Ukiwauliza, jibu ni moja: "Sisi tumezaliwa kule, matumbo yetu yamezoea."

Hilo ni kosa, na wengi wetu tumelifanya. Kinga ya tumbo hupungua mtu akikaa miaka mingi mbali na vijidudu alivyovizoea. Watoto waliozaliwa huku hawakuwa nayo tangu mwanzo, na ndio wanaoonjeshwa kila kitu, maana bibi hawezi kumnyima mjukuu. Mtoto wa jamaa yetu mmoja, mwenye miaka 6, alitundikiwa dripu usiku kucha baada ya walima wa shangazi yake. Alikula pilau tu, tena iliyopashwa moto.

Pilau ndiyo inayotupumbaza, kwa sababu imepikwa. Mchele mara nyingi huwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Sufuria ikiipuliwa asubuhi na kukaa hadi alasiri, mbegu zile huota na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto upya. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya muda wa saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, saa 1 tu. Kwa hiyo ukialikwa, kula mapema. Ukifungiwa cha kwenda nacho, pokea kwa adabu, lakini kisiwe kiamshakinywa cha watoto.

Hatusemi watu wajinyime. Mishkaki iliyoiva vizuri ikitoka motoni, chapati ya moto, embe ulilolimenya mwenyewe kwa mikono safi, hivyo havina shaka kubwa. Juisi ya miwa ni tamu, lakini barafu yake ni ya maji gani? Kuganda hakuui vijidudu.

Chanjo ya homa ya matumbo hutolewa bure na NHS. Ichomwe angalau wiki 2 kabla ya safari, ingawa haimkingi kila mtu.

Mtoto akiharisha, hatari kubwa ni kuishiwa maji mwilini. Mpeni ORS. Ikikosekana, changanyeni lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akitoa damu, akiwa na homa kali au asipokojoa, msingoje kukuche, mpelekeni hospitali.

Na mkisharudi Uingereza mkapata homa, hata baada ya wiki 3, mwambieni daktari mlikotoka. Asipoambiwa atadhani ni mafua, kumbe ni homa ya matumbo au malaria.