Aombaye Mvua na Atengeneze Tangi

Mtu aliyefikwa na dhiki kuu hana nafasi ya kupamba maneno. Huja mbele za Mungu jinsi alivyo na kutaja haja yake: mtoto mgonjwa, shamba lililokauka, ng'ombe asiyeweza kusimama. Wala si aibu kuomba hivyo. Lakini yafaa tujiulize, aombaye ana kazi gani akisha kusema Amina?

Jambo hili lawahusu sana wakaaji wa Embulbul, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Ngong, na wenzao wa Kajiado yote. Toka mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha katika sehemu kavu za Kenya. Mifugo zaidi ya 2,000,000 ilikufa. Tarehe 14 Februari 2023 watu walikusanyika Nakuru pamoja na Rais William Ruto, wakamwomba Mungu mvua.

Umasaini jambo hilo si geni. Katika Kimaasai neno Enkai ni jina la Mungu, na ndilo neno la mvua pia. Wakati wa ukame wanawake hukusanyika na nyasi mkononi, wakaimba na kumsihi Enkai.

Masika ya 2023 mvua ilinyesha. Lakini mwisho wa mwaka huo yalikuja mafuriko, na Aprili 2024 Mto Athi ulifurika, watu wa Kitengela wakazingirwa na maji. Hata mwaka 1961 ilikuwa hivyo: ukame ulioua ng'ombe wengi mno wa Kajiado ulifuatwa na mafuriko makubwa kabla mwaka haujaisha. Tulililia maji, nayo yalipofika yalitukuta hatuna pa kuyaweka.

Katika Biblia twasoma habari za Eliya, aliyeomba mvua juu ya mlima Karmeli. Alimtuma mtumishi wake mara saba kutazama upande wa bahari. Lilipoonekana wingu dogo tu, alimpelekea mfalme Ahabu habari atandike gari lake kabla mvua haijamzuia. Eliya hakungoja tone la kwanza ndipo ajitayarishe.

Nasi yatupasa kufanya vivyo hivyo. Paa la mabati lenye mita 50 za mraba, likinyeshewa milimita 20 za mvua, hutoa karibu lita 1,000 za maji. Mwenye nyumba na atie mfereji wa paa na tangi. Wafugaji na wachimbue silanga wakati wa kiangazi, wauze baadhi ya mifugo kabla haijakonda. Aliyejenga kando ya mto na atafute mahali pa juu.

Hatusemi kwamba kazi yaweza kushika mahali pa sala. Ukame wa miaka miwili humshinda hata mwenye bidii, na mtu huyo asiambiwe kamwe kwamba imani yake ni haba. Jirani asikiaye kilio chake huenda ndiye aliyetumwa kukijibu, kwa debe la maji au mzigo wa nyasi.

Basi, ndugu msomaji, tuombe bila haya. Na tukisha kuomba, tuinuke tukatazame mifereji ya paa.