Eka Moja Ina Urefu Gani?

Watu wengi vijijini hukodi shamba kwa eka. Hulipa kwa eka, hulima kwa eka, na mbolea hununua kwa eka. Lakini ukiuliza, "Hiyo eka inaishia wapi?" utaonyeshwa kwa kidole tu: "Kutoka hapa mpaka ule mwembe." Basi na wewe unatoa fedha.

Eka, au ekari, ni ukubwa wa eneo. Si umbo. Eka inaweza kuwa pana na fupi, au nyembamba na ndefu. Ukubwa wake ni karibu meta za mraba 4,047. Meta moja ya mraba ni kipande cha ardhi chenye meta 1 kila upande.

Tuseme mama mmoja anataka kukodi eka moja bondeni alime mpunga. Shamba liko kati ya mto na barabara. Upana wake ni meta 38, wala hauwezi kuongezwa, maana huku maji na huku njia. Mwenye shamba amechomeka kijiti na kusema eka inaishia hapo. Mama anapima urefu kwa kamba anapata meta 90. Je, ni eka kweli?

Fikiri kwanza shamba la muhogo. Kila mstari una mashina 8. Mashina yote ni 96. Mistari ni mingapi? Unagawa 96 kwa 8, unapata mistari 12. Eneo nalo ni hivyo hivyo. Kila ukitembea meta moja kufuata urefu wa lile bonde, unapata mstari wa meta za mraba 38. Sasa tunataka 4,047. Tunagawa 4,047 kwa 38.

38 katika 40 inakwenda mara 1, inabaki 2. Shusha 4, inakuwa 24. 38 katika 24 haiendi, kwa hiyo andika 0. Hapa ndipo wengi huteleza. Husahau sifuri, halafu hupata 16 na kushangaa. Shusha 7, inakuwa 247. 38 inakwenda mara 6, ambayo ni 228. Inabaki 19. Na 19 ni nusu ya 38. Jibu ni meta 106 na nusu.

Kumbe kile kijiti kimechomekwa meta 16 na nusu kabla ya mwisho! Zidisha 38 kwa 90 uone: ni meta za mraba 3,420. Zimepungua 627. Mama angelipa kodi ya eka nzima, akavuna kwenye eka pungufu. Na mbolea ya eka moja ingemwagwa pale kwa bei ya bure.

Huenda mwenye shamba hakukusudia kudhulumu. Watu hupima kwa hatua, na hatua za mtu mrefu si za mtu mfupi. Tena kuna ile kauli kwamba eka ni 70 kwa 70. Hiyo ni kweli kwa yadi, maana yadi 70 kwa yadi 70 ni 4,900, na eka ina yadi za mraba 4,840. Zinakaribiana. Lakini siku hizi watu husema meta 70 kwa meta 70. Hiyo ni meta za mraba 4,900, imezidi eka kwa 853! Ukilima kibarua cha namna hiyo, unalima sehemu nyingine bure.

Angalia pia pembe. Hesabu hii ni ya shamba lenye pembe zilizonyooka kama za mlango. Pima meta 3 upande mmoja wa kona na meta 4 upande wa pili, weka vijiti. Kati ya vijiti hivyo pawe meta 5. Kama si 5, kona imepinda.

Na shamba la pembetatu je? Chukua karatasi, ikate kutoka kona hadi kona. Unapata pembetatu mbili zinazolingana. Kwa hiyo pembetatu ni nusu ya mstatili. Kama eneo ni meta za mraba 1,200 na kitako ni meta 60, kwanza zidisha eneo kwa 2 upate 2,400, ndipo ugawe kwa 60. Kimo ni meta 40. Lakini kimo hupimwa kwa kunyooka kutoka kitako hadi ncha, si kwa kufuata ukingo uliolala.

Jaribu hii: hekta moja ni meta za mraba 10,000. Upana ni meta 80. Tafuta urefu, kisha zidisha uhakikishe. Jibu ni meta 125.