Nguo zako zinakaukia wapi?

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba,

Kazini tunakuambia kila siku: vaa kofia, vaa buti, angalia mwamba ulio juu ya kichwa chako. Leo ukurasa huu unakufuata nyumbani, mpaka kwenye kamba ya nguo. Nguo iliyofuliwa ina maji, na maji hayo lazima yatoke. Ukiikausha mahali pabaya, anayeumia kwanza ni mtoto.

Wenye ndugu Ulaya wamesikia habari za mashine za kukaushia nguo. Ziko za namna mbili. Ya kwanza inapuliza hewa ya moto katika nguo, kisha inautoa mvuke nje kwa bomba linalopita ukutani. Ya pili haina bomba la nje: inapoza mvuke hadi ugeuke maji, na maji yanakusanyika katika chombo cha kumwagwa. Mashine za namna hizo zinakula umeme mwingi. Paneli ya sola ya wati 100 haiziwezi. Kwetu Kasongo na Kabambare, ambako nyumba nyingi hazina umeme, namna zetu mbili ni hizi: nje juani, au ndani karibu na mbabula. Tuzitazame moja moja.

NJE: MCHUNGE NZI

Jua ni mali ya bure. Lakini wengi wetu tukifua mtoni tunatandaza nguo juu ya majani, au tunazitundika chini ya mwembe. Hapo yuko nzi mmoja ambaye kwa Kifaransa funza wake anaitwa ver de Cayor. Nzi huyo hapendi jua kali. Anatafuta kivuli, mchanga wenye harufu ya mkojo, na nguo zenye unyevu. Jike anaweza kutaga mayai 100 hadi 300. Baada ya siku 1 hadi 3 yanaanguliwa, na funza wadogo wasioonekana kwa urahisi wanangoja mtu avae nguo ile. Wanapenya ngozi nzima, hata isiyo na kidonda.

Baadaye unaona kipele kama jipu, kinawasha na kuuma, kina tundu dogo katikati. Ndani funza anakua kwa siku 8 hadi 12 hivi. Usikikamue kwa nguvu wala kukichoma sindano: funza akipasuka ndani, kidonda kinaweza kuvimba na kuoza. Paka vazelini nene juu ya tundu. Funza akikosa hewa anajitokeza, ndipo anatolewa polepole, mzima. Mtoto mchanga, au mtu mwenye vipele vingi au homa, aletwe kwa muganga.

NDANI: MCHUNGE MBABULA

Wakati wa masika mvua haitoi nafasi, na mama anataka vitambaa vya mtoto vikauke kabla ya usiku. Anawasha mbabula chumbani, anafunga mlango na dirisha. Hapo ndipo hatari kubwa kuliko ya nzi. Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Usidanganyike kwa kuwa makala hayatoi moshi. Kichwa kinauma, macho yanazunguka, moyo unachafuka, miguu inalegea. Aliyelala anaweza asiamke tena.

Wewe unayeingia shimoni unajua: pasipo na hewa, haturuhusu mtu kuingia. Kwa nini basi mtoto wako alale katika chumba kama hicho? Ukimkuta mtu amelegea hivyo, fungua milango, mtoe nje upesi, mpeleke kituo cha afya mara moja.

KANUNI ZA KUSHIKA

1. Tundika nguo kwenye kamba, juu, mahali penye jua na upepo. Usizitandaze chini wala kwenye majani.

2. Anua kabla jua halijashuka. Nguo yenye unyevu isilale nje.

3. Piga pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono na kiunoni. Usisahau vitambaa vya mtoto, shuka, taulo, na kikwembe cha kumbebea. Joto ndilo linaloua mayai na funza.

4. Nguo ya lastiki isiyovumilia moto, ikaushe juani kabisa. Ukishuku kwamba nzi ameifikia, iweke wiki mbili na zaidi kabla ya kuivaa.

5. Mvua ikizidi, funga kamba barazani chini ya paa, palipo na upepo, kisha piga pasi bila kukosa. Pasi ya makala iwashiwe na kutumiwa nje.

6. Mbabula isiingie chumba cha kulala, hata kama makala yanaonekana yamezimika.

7. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Usizikung'ute ndani: vumbi la mwamba si la mapafu ya mtoto.

Baba, usimwachie mama peke yake kazi hii. Kamba nzuri na miti miwili imara unaweza kuisimamisha jioni moja. Isimamishe juma hili, kwenye jua, mbali na mwembe.

Usalama unaanzia nyumbani.