Je, Wajua? Shule Iliyokuja kwa Stempu, Redio na Bando

Waulize vijana wa Arusha masomo ya mbali yalianza lini nchini, na wengi watakutajia mwaka wa korona. Ni kweli kwamba shule zilifungwa 17 Machi 2020, na mpaka zilipofunguliwa zote 29 Juni, vipindi vya masomo vilipita redioni, kwenye televisheni na kwenye simu za wazazi. Ila korona iliwakuta Watanzania wamekwisha kusoma mbali na darasa kwa zaidi ya nusu karne, tena kwa vifaa ambavyo leo mtu angeviona si kitu.

Je, wajua kwamba habari hii yote ilianza na bei ya stempu? Mwaka 1840 Uingereza ilishusha gharama ya barua hadi peni moja kokote ndani ya nchi. Isaac Pitman, mwalimu wa hatimkato, akaona njia imefunguka: akawa anatuma mazoezi kwa posta, wanafunzi wanayajibu na kuyarudisha, naye anayasahihisha. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikaruhusu watu kufanya mitihani ya shahada zake bila kuhudhuria masomo London. Enzi za ukoloni, vyuo vikuu vikiwa vya kuhesabu Afrika nzima, Waafrika wengi walipata elimu ya juu kwa mlango huo.

Na posta ya kwetu ina desturi yake. Barua haimfuati mtu nyumbani, inamngoja kwenye sanduku. Aliyeishi juu huko Nkoaranga, kwenye miteremko ya Meru, ilimbidi ashuke hadi posta ya Mnara wa Saa mjini, au aombe kutumia anwani ya shule, ya usharika au ya chama cha msingi. Bahasha ya kaki yenye somo jipya, pamoja na zoezi la zamani lililosahihishwa kwa wino mwekundu, ingeweza kuchukua wiki nyingi njiani. Kosa la Januari mtu angelijua Machi, akiwa ameshaendelea kulirudia katika mazoezi mengine. Waliovumilia utaratibu huo mpaka kwenye mtihani wanastahili heshima ambayo hatujawapa.

Majirani zetu wa Moshi walikuwa mbele katika jambo hili. Chuo cha Ushirika, kilichoanzishwa huko mwaka 1963, kilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa masomo kwa posta nchini. Makatibu na wajumbe wa vyama vya ushirika walijifunza kutunza hesabu bila kuacha kazi zao. Ilipofika 1972, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaanza kusimamia elimu kwa njia ya posta kwa nchi nzima.

Sasa tufike kwenye redio, maana hapo ndipo Tanzania ilipofanya jambo ambalo dunia ilikuja kulisoma kwetu.

Je, wajua kwamba mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikuwa darasa moja? Sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu milioni 12.3 tu nchini, kwa hiyo hebu pima ukubwa wa jambo lenyewe. Kampeni iliitwa Mtu ni Afya, na ilichukua wiki 12. Wanakijiji walikusanyika kwenye kikundi chao, mara nyingi chini ya mti au kwenye jengo la shule baada ya kazi za shamba, wakafungua redio na kusikiliza kipindi kuhusu malaria, kichocho au kuhara. Kipindi kikiisha, kiongozi wa kikundi alifungua kijitabu na kukisoma kwa sauti ili asiyejua kusoma asiachwe. Kisha mjadala: ugonjwa huu hapa kwetu unatokana na nini? Mwisho uamuzi: tunafanya nini, na nani anaanza? Watu walitoka hapo wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka karibu na nyumba, wakafukia madimbwi yaliyozalisha mbu. Viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo kwa ajili hiyo walikuwa kama 75,000.

Lakini kampeni hiyo haikuzuka tu. Miaka 2 kabla, taifa lilipotimiza miaka 10 ya uhuru, kampeni ya Wakati wa Furaha ilikuwa imekusanya watu kama 20,000 kwenye vikundi vya redio. Kutoka 20,000 hadi milioni 2! Mwaka 1971 huohuo, Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilikuwa kinapokea wanafunzi wake wa kwanza na kuwafundisha kwa msaada wa BBC. Wao walikuwa na televisheni. Sisi Bara hatukuwa nayo, na bado tulijaza darasa.

Mimi naamini siri haikuwa redio yenyewe. Redio husema ikanyamaza, haijui kama umeelewa. Siri ilikuwa kile kikundi: mtu akikosa kuja anaulizwa, asiyeelewa anaeleweshwa na jirani yake, na mliloamua pamoja huwezi kulikwepa kwa sababu kesho mtakutana kisimani. Mafanikio ya masomo ya mbali nchini ukiyachunguza, utakuta watu waliokaa pamoja.

Hata walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ni ushahidi. Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka kila mtoto aingie shule ya msingi, walimu hawakutosha na vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa wakati. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa makumi ya maelfu: wanafundisha, huku wakisoma ualimu kwa vitabu vya posta, redio na mkufunzi aliyewatembelea. Wamesemwa sana, na ni kweli wengi wao walitupwa kwenye maji marefu. Lakini watu wengi wa Arusha wenye umri wa miaka 50 walishikwa mkono na kufundishwa herufi ya kwanza na mmoja wao.

Je, wajua kwamba chuo kikuu kilichopo Tengeru kina jina la mwanafunzi wa posta? Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011. Mandela alipata shahada yake ya kwanza kupitia UNISA, chuo cha Afrika Kusini kilichokuja kujulikana duniani kwa masomo ya masafa. Akiwa mfungwa Kisiwa cha Robben aliendelea kusomea sheria kwa njia ya Chuo Kikuu cha London. Wakuu wa gereza walijua thamani ya masomo hayo, ndiyo maana walipotaka kumwadhibu walimnyima ruhusa ya kusoma kwa miaka 4. Shahada ya sheria aliipata UNISA mwaka 1989, kabla hajaachiwa. Arusha inamkumbuka zaidi kwa usuluhishi wa Burundi na mkataba uliotiwa saini hapa 28 Agosti 2000.

Upande wa mashine, hata hivyo, tulichelewa: mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya 1992 na kuzinduliwa 19 Januari 1994, mwaka uleule televisheni ilipoanza Tanzania Bara. Kwa hiyo chuo hicho, chini ya makamu mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, kilianza kwa vitabu vya kuchapwa na vituo vya mikoani, Arusha ikiwemo. Intaneti ya kasi ilisubiri mpaka Julai 2009, waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam.

Na je, wajua kuhusu watoto wa Tanga? Katika shindano la Global Learning XPRIZE, karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Washindi walitangazwa 2019, nao ni Kitkit School na onebillion. Wengi huisimulia habari hii kama ushindi wa mashine. Mimi nawaona pia akina mama wa vijijini waliopewa kazi ya kuangalia vituo vya kuchajia kwa jua, na watoto walioinamia kishikwambi kimoja wakionyeshana.

Ikiwa uliishia darasa la saba, au mimba, ada au msiba vilikutoa sekondari, njia bado ipo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina ofisi Arusha. Utafanya mtihani wa maarifa, yaani QT, halafu kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Namba ya kituo chako itaanza na P badala ya S ya shule, na cheti kitabeba uzito uleule. Nenda ukaulize wiki hii, na usiende peke yako: mchukue mwenzako mmoja mtakayesoma naye.