Frank: sifa iliyoanza kama jina la kabila

Muulize mwanafunzi wa Kiingereza maana ya frank, atakujibu upesi: mkweli. Yuko karibu, lakini hajafika. Mtu aweza kuwa mkweli huku amenyamaza. Aliye frank hutoa la moyoni bila kulifunika, hata kama wasikilizaji hawatalipenda.

Sifa hii ilianza kama jina la watu. Wafranki, jamii ya Kijerumani, waliiteka Gaul, eneo la Ufaransa ya leo, katika karne ya 5 na ya 6, na ndio walioipa Ufaransa jina lake. Chini yao, uhuru kamili ulikuwa wa Mfranki au wa mtu aliyewekwa chini ya ulinzi wao. Basi katika Kifaransa cha kale franc ikawa na maana ya mtu huru, asiye mtumwa. Kiingereza kililipokea neno na maana hiyohiyo. Ile ya kusema wazi ilifuata baadaye. Si ajabu, maana mtumwa hamwambii bwana wake kila analowaza.

Ukoo wa neno hili umetufikia hata sisi. Ubani, ule wa Dhofar na Usomali, Waingereza huuita frankincense kwa sababu franc ilifikia pia kumaanisha kitu bora, kisichoghushiwa. Faranga za Rwanda, Burundi na Kongo nazo zimo: franc ya kwanza ilipigwa Ufaransa mwaka 1360, ikiwa na maandishi ya Kilatini yanayomtaja mfalme wa Wafranki.

Leo frank huambatana zaidi na maoni, majibu na mazungumzo. Taarifa ya kibalozi ikisema viongozi walikuwa na mazungumzo ya aina hiyo, mimi huelewa kwamba walibishana, ila kwa adabu. Anayeanza sentensi kwa frankly naye mara nyingi ana jambo chungu la kusema. Madaktari nao hulitumia neno hili kwa namna yao: kwao frank blood ni damu inayoonekana kwa macho, isiyohitaji hadubini.

Jirani yake wa kuchunga ni blunt. Huyo pia hafichi, ila hajali nani ataumia. Ukimwita bosi wako blunt, huenda asikushukuru. Na ukishachagua frank, mtu unayezungumza naye hufuata with, jambo lenyewe hufuata about: mgonjwa humwomba daktari awe frank with him about hali yake.