Ziwa liko kwetu, biashara ya kafi iko Jinja

Anayefungua bomba Isaka anakunywa Ziwa Victoria. Maji husukumwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, kwa mtambo wa mamlaka ya maji ya KASHWASA uliojengwa kwa ajili ya Shinyanga na Kahama, kisha mradi wa Isaka–Kagongwa, uliozinduliwa na Rais Magufuli Januari 2021, ukayafikisha kwenye mji huu wa bandari kavu. Ziwa limetufuata hadi jikoni. Sisi ndio hatujalifuata, hasa kwa kulipia saa moja ya starehe juu yake.

Saa hiyo moja ina soko. Kayaki pana za plastiki, ambazo mtu hukalia juu badala ya kuingia ndani, na zile mbao ndefu ambazo mtu husimama juu yake na kupiga kafi, zimewafungulia maziwa na mabwawa watu ambao hawajawahi kushika kafi. Mteja hufundishwa kwa nusu saa, huvaa jaketi okozi, huzungushwa mahali palipotulia, hupigwa picha na kwenda kula. Kwa mwenye biashara mtaji mkubwa ni vyombo vyenyewe, ambavyo havinywi mafuta, na mishahara ya walimu. Ukilinganisha na boti ya injini, gharama ya kila safari ni ndogo mno.

Kuna jambo ambalo wengi wanaoishi kandokando ya ziwa hili hawalijui: kwa hesabu za wahandisi, Victoria ni bwawa. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth II alifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, Uganda, ambalo leo huitwa Nalubaale, na tangu hapo maji yanayotoka ziwani kuingia Mto Nile hupimwa kwa milango ya bwawa badala ya miamba ya maporomoko ya Ripon. Kwa kigezo hicho hili ndilo bwawa kubwa kuliko yote duniani: eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania.

Sasa tazama nani ametajirika na maji yake kwa kafi. Jinja ilianza na maji makali. Mwaka 1996 kampuni ya Adrift ilianza kuwashusha watalii kwa maboya ya mpira kwenye maporomoko ya Nile, wengine wakafuata, na mji uliokuwa ukijulikana kwa viwanda ukapata jina jipya kwa vijana wa Ulaya, Australia na Marekani. Kisha yakaja mabwawa ya umeme. Bujagali, la megawati 250, lilikamilika 2012 na kuyafunika maporomoko yaliyolipa jina lake. Isimba, la megawati 183, likafuata 2019 na kumeza mengine chini zaidi. Wenye kampuni walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa bidhaa yao ilikuwa imezamishwa.

Ila maji yaliyotulia nyuma ya ukuta wa Bujagali yalileta mteja wa aina nyingine: mama na watoto wake, mfanyakazi wa ofisi kutoka Kampala, mtu wa miaka 60 asiyetaka kupinduliwa na wimbi. Kampuni kama Kayak the Nile huuza kwenye maji hayo tulivu mafunzo ya mwanzo na matembezi ya mbao za kusimama, sambamba na mafunzo ya maji makali kwa wanaoyataka. Kwa hesabu ya biashara mteja wa maji tulivu ana faida yake. Hahitaji ujasiri, anarudi mwezi ujao, na anawaleta jamaa.

Rwanda nayo haikungoja. Kwenye Ziwa Kivu, Kingfisher Journeys huuza safari za kayaki za saa chache na za siku kadhaa. Malori ya nchi hiyo hupita Isaka mchana na usiku yakielekea mpaka wa Rusumo, na katika bidhaa zote tunazowapakilia wenzetu wa Kigali, wazo hili wangeweza kutupakilia sisi wanaporudi.

Nchini mwetu biashara hii ipo, ila imekaa penye watalii wa nje. Zanzibar kuna kayaki za kwenye mikoko na mbao za kusimama kwenye fukwe za mashariki. Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha mitumbwi hupigwa kafi kwenye maziwa ya Momella. Kanda ya Ziwa, pamoja na maji yake yote, bado huuza zaidi samaki wa kuchoma, kinywaji baridi, na boti ya kwenda Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, iliyo karibu kabisa na Mwanza mjini.

Sababu si uhaba wa wapiga kafi. Kwa miaka mingi mashindano ya mitumbwi yaliyodhaminiwa na bia ya Balimi yalizijaza fukwe za Kanda ya Ziwa, timu za wanaume na za wanawake zikivuta makafi mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Ufundi upo kila mwalo. Kinachokosekana ni cheti cha uokoaji, na mara nyingi ni kuogelea kwenyewe, maana wavuvi wengi wa ziwa hili hawajui kuogelea. Kijana wa Igombe anaweza kuuongoza mtumbwi gizani kwenye upepo wa kisulisuli. Kumrudisha mteja aliyepinduka juu ya chombo chake ndani ya dakika mbili, bila mteja kuingiwa na kiwewe, ni kazi nyingine, na hiyo hufundishwa. Fedha ya kwanza ya mwekezaji iende huko kabla ya kwenda kwenye rangi za kayaki.

Na woga upo, tena si woga wa kijinga. Kanda hii ilizika mamia ya watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama mwaka 1996, na wengine 228 wa kivuko cha MV Nyerere kilichozama karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 2018. Mzazi wa Shinyanga anayemkataza mwanawe kusogelea maji ana kumbukumbu nzuri tu. Atakayeuza kayaki hapa anauza kwanza usalama unaoonekana kwa macho: jaketi okozi la saizi ya mtoto, boti ya uokoaji yenye injini iliyowashwa, mwalimu mwenye filimbi, na karatasi za TASAC, msimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, zimebandikwa mlangoni.

Ziwa lenyewe lina masharti yake. Kichocho kipo, na huingia kwa ngozi, hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono. Kwa hiyo mteja asipandie kwenye matope, apande kutoka kwenye gati. Mamba na viboko hupenda matete, hivyo njia ichorwe mbali nayo, na wavuvi wa eneo husika ndio wa kuulizwa kwanza. Magugu maji yanayohamahama yanaweza kuifunga ghuba ndogo kwa siku kadhaa. Radi za usiku huchelewa kuondoka, na upepo wa ziwa huzidi mchana, hivyo muda wa mwanafunzi ni asubuhi, tuseme saa 2 hadi saa 5, baada ya kusoma utabiri wa mamlaka ya hali ya hewa, TMA.

Hapo ndipo hesabu inapobana. Kayaki 10 kwa saa 3 za asubuhi, Jumamosi na Jumapili, ni saa 60 za kukodisha kwa wiki zikijaa zote, na mwanzoni hazitajaa. Biashara hii peke yake haibebi mkopo mkubwa. Inabebwa na jiko, vyumba na ukumbi wa sherehe ulio nyuma yake, na ndiyo maana wa kuianza ni mwenye hoteli ya ufukweni kuliko kijana mwenye makontena mawili na ndoto.

Gati lijengwe la kuelea. Kati ya mwaka wa ukame wa 2006 na mafuriko ya Mei 2020 kina kwenye kipimo cha Jinja kilipishana takriban mita 3. Waliojenga kuta na baa mita chache kutoka ukingoni waliona samani zao zikielea. Bwawa hupanda na kushuka, hata likiwa na jina la ziwa.

Wateja wa kwanza wasitafutwe uwanja wa ndege. Wako migodini Geita na Bulyanhulu, watu wanaofanya kazi kwa zamu na kupata mapumziko ya mfululizo. Wako kwenye maduka ya Kahama, kwenye shule zenye safari za mwisho wa muhula, na kwenye ofisi za mizigo hapa Isaka. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kati ya Mwanza na Geita. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ikikamilika itawafikisha wa Isaka ziwani asubuhi bila kulala njiani. Leo ni zaidi ya kilomita 200 za barabara, na basi likichelewa Shinyanga, asubuhi tulivu imekwisha.

Vyombo vyenyewe vitatoka nje, na kayaki za plastiki ni ndefu, hula nafasi ya kontena kwa hasara. Mbao za kujaza upepo hukunjwa zikaingia kwenye begi, kwa hiyo mwenye mtaji mdogo aanze nazo. Mawakala wa forodha wa Isaka wanajua kukokotoa ushuru na VAT kuliko mwenye hoteli yeyote wa Capri Point, Mwanza, na wangefaa kuwa wabia badala ya kulipwa ada tu.

Hukumu yangu ni kwamba biashara ipo, ni ndogo, na itamlipa atakayeanza na walimu. Halmashauri za Ilemela, Misungwi na Geita zitenge ghuba zilizotulia kwa shughuli hii mapema, kabla kila kipande cha ufukwe hakijageuka baa.